Uzi: Kupanga stendi ya kinanda kwa anayepiga akiwa amekaa. Anza na kiti, stendi iwe ya mwisho

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Swali la stendi ya kinanda limekuwa likirudi mara kwa mara, na majibu mengi huishia kwenye aina ya stendi ya kununua, ilhali tatizo la aliyeuliza mara nyingi liko kwenye vipimo. Naomba nieleze namna nilivyopanga sehemu yangu ya kupigia baada ya kukosea kwa karibu mwaka mzima, ili anayeanza asipite nilikopita mimi.

Kosa langu lilikuwa la utaratibu. Nilifunga stendi ya X kwanza, ile ya miguu miwili inayopishana, nikaiweka kwenye tundu la kupangia urefu ambalo kwa macho lilionekana kufaa, nikapandisha kinanda juu yake, kisha nikavuta kiti cha plastiki kilichokuwa karibu na kuulazimisha mwili ukubaliane na vitu hivyo viwili. Mwili ulikubali kwa dakika 40 hivi. Baada ya hapo mabega yalikuwa yameshapanda bila mimi kujua, maumivu yakaanza mgongoni katikati ya mabega, na goti la kulia lilikuwa limeegemea chuma kwa muda mrefu kiasi cha kuacha alama nyeusi kwenye suruali. Nilidhani ni uchovu wa kawaida wa mazoezi. Siku moja nilichukua tepu, nikapima kutoka sakafuni hadi kwenye uso wa vibonye vyeupe, nikapata sentimita 81. Viwiko vyangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile, vilikuwa sentimita 67 kutoka sakafuni. Tofauti hiyo ya sentimita 14 nilikuwa nikiilipa kwa mabega kila jioni.

Piano za mbao hazina tatizo hili, kwa kuwa urefu wake umekwisha kuamuliwa na waliozitengeneza: uso wa vibonye vyeupe huwa takriban sentimita 71 hadi 74 kutoka sakafuni, na kinachopandishwa au kushushwa ni benchi. Sisi wenye vinanda vya umeme tumepewa uhuru wa kubadilisha vyote viwili, na uhuru huo ndio unaotuchanganya.

Utaratibu ninaoufuata sasa unaanzia chini kwenda juu. Nyayo zote mbili zikae sakafuni, visigino vikiwa vimegusa. Kiti kiwe na urefu unaoyaacha mapaja yakiwa sambamba na sakafu au yakiinama kidogo sana kuelekea magotini. Kwa watu wazima wengi urefu huo huangukia kati ya sentimita 45 na 52. Kaa kwenye nusu ya mbele ya kiti, kwa sababu anayeegemea nyuma hulazimika kuinyoosha mikono, na uzito wa mkono haufiki tena kwenye vidole. Kisha legeza mabega kabisa, acha mikono ining'inie kama ya mtu aliyechoka, na baada ya hapo kunja viwiko hadi vigasha viwe sambamba na sakafu. Mwombe mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Kipimo hicho, kikizidi au kupungua kwa sentimita moja au mbili, ndicho kinachotakiwa kuwa urefu wa uso wa vibonye vyeupe.

Nimesema urefu wa vibonye, sikusema urefu wa stendi, na hapa ndipo wengi hupotea. Kati ya mikono ya stendi, yaani vyuma vya juu vinavyobeba kinanda, na uso wa vibonye kuna unene wa kinanda chenyewe, ambao katika kinanda changu ni sentimita 8 na katika piano nyingi za umeme zenye vibonye vizito huzidi hapo. Kwa hiyo mimi, ambaye kwenye benchi ninalotumia sasa viwiko viko sentimita 70, nilihitaji mikono ya stendi iwe sentimita 62. Sasa tazama upande wa pili wa hesabu hiyo. Benchi langu lina sentimita 47, na paja langu, sehemu yake nene, lina sentimita 15. Ukijumlisha unapata 62, yaani kinanda kilichowekwa mahali panapowafaa viwiko kinakaribia kabisa kuyagusa mapaja. Kinachoniokoa ni kwamba paja hupungua unene linapokaribia goti, na kwamba kinanda kinafunika sehemu ya mbele tu. Lakini nafasi iliyobaki ni ya upana wa vidole viwili, na kitu chochote kitakachopita chini ya kinanda, iwe chuma cha kuunganisha miguu ya stendi, droo au kichwa cha bolti, kitaila nafasi hiyo yote. Ndiyo maana mtu anaweza kununua stendi nzuri, imara, ya bei kubwa, na bado akaishia kupandisha kinanda ili magoti yapite, kisha akarudi kwenye mabega yaliyoinuka.

Kuhusu aina za stendi sitasema mengi. Stendi ya X ni nyepesi na hukunjika haraka, na kwa anayepiga akiwa amesimama haina shida kubwa. Kwa anayekaa, shida yake ni kwamba kadiri unavyoishusha ndivyo X inavyolala: miguu inatanuka kwenda kushoto na kulia, na kile kiungo cha katikati kinashuka mbele ya miguu yako. Zaidi ya hapo, inashuka kwa hatua za matundu. Yangu ilikuwa na matundu 5, na kutoka tundu moja hadi jingine ilishuka zaidi ya sentimita 7, hivyo kulikuwa na tundu la juu mno na tundu la chini mno, na kipimo changu kikiwa katikati pasipo na tundu. Stendi ya Z, pamoja na ile ya miguu minne inayofanana na meza, huacha nafasi ya miguu wazi na nyingi hurekebishwa kwa hatua ndogo. Ukipata nafasi ya kuchagua, chagua mojawapo ya hizi mbili, lakini kabla ya kulipa inama uangalie kama kuna chuma kinachopita mbele, upande wa mpigaji, na kiko umbali gani kutoka sakafuni.

Baada ya urefu, kuna suala la katikati. Wengi hukaa wakilitazama jina la kampuni lililoandikwa kwenye kinanda, au kioo cha kuonyesha sauti, wakidhani hapo ndipo katikati. Vinanda vyenye magurudumu ya kupinda sauti upande wa kushoto huwa na mwili mrefu kuliko safu ya vibonye, kwa hiyo katikati ya mwili si katikati ya vibonye. Kwenye kinanda cha vibonye 88, nusu inaangukia kati ya mi na fa zilizo juu ya do ya kati, na kwenye kile cha vibonye 61 inaangukia kwenye kibonye cheusi kinachofuata fa hiyo hiyo. Kitovu chako kielekee hapo. Umbali nao uwe kiasi kwamba viwiko viko mbele kidogo ya mbavu, ili mkono mmoja ukivuka kwenda upande wa mwingine usikwame tumboni.

Pedali naiweka mwisho, lakini ndiyo iliyonisumbua kwa muda mrefu zaidi. Ile ndogo inayokuja na kinanda huteleza kwenye sakafu laini, nawe bila kujua unaifuata kwa mguu, nyonga inazunguka, na baada ya nusu saa umekaa upande. Mimi niliweka kipande cha mpira chini yake, na nyuma yake ubao unaogusa ukuta, na tangu hapo haijaondoka mahali pake. Kisigino kibaki sakafuni wakati wa kukanyaga. Ikiwa kinainuka, ama pedali iko karibu mno au kiti kiko juu mno.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, nashukuru kwa maelezo yaliyoshiba. Mimi nina stendi ya X pekee na kwa sasa siwezi kuibadilisha. Je, nifanyeje wakati tundu ninalolihitaji halipo? Nimejaribu kuishusha hadi tundu la chini kabisa, nikajikuta siwezi kuingiza miguu.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, hapo nalazimika kuilegeza kanuni yangu mwenyewe. Kwa mwenye X, stendi ichaguliwe tundu lililo juu kidogo ya kipimo cha viwiko, kisha kiti ndicho kipandishwe kukifuata kinanda, kwa kuwa kiti unaweza kukiongezea sentimita mbili au tatu kwa blanketi lililokunjwa au ubao, lakini stendi huwezi kuichimbia tundu jipya. Usithubutu kutoboa kwa drili: chuma cha stendi hizi ni bomba jembamba, na tundu la ziada karibu na la kwanza hulifanya lipinde hapo hapo. Kiti kikipanda kiasi cha visigino kuinuka sakafuni, weka ubao mpana chini ya nyayo, na pedali ikae juu ya ubao huo huo.

Kuhusu miguu, ikiwa mikono ya stendi ni mirefu kuliko upana wa kinanda kutoka mbele hadi nyuma, kisogeze kinanda kuelekea kwako sentimita 3 au 4. Utapata nafasi ya magoti bila kugusa kile kiungo cha katikati. Kabla ya kupiga, kandamiza ukingo wa mbele kwa viganja vyote viwili kwa nguvu kuliko utakavyowahi kupiga. Nyuma ikiinuka hata kidogo, kirudishe.

Jambo moja zaidi kuhusu X, kwa sababu lilinipata. Pini inayoingia kwenye tundu huweza kuonekana imeingia kumbe imeshikwa na ukingo tu. Yangu ilikaa hivyo kwa siku mbili. Siku ya tatu, nikiwa katikati ya kipande chenye sauti kubwa, ilichomoka, stendi ikashuka hatua moja nzima kwa kishindo, na kinanda kikaangukia mapajani kwangu. Hakikuvunjika. Tangu siku hiyo nikishaifunga, huishika mikono yote miwili ya stendi na kuikandamiza chini kwa uzito wa mwili kabla ya kuweka kinanda.

Mchangiaji wa 2

Mimi sina stendi kabisa. Kinanda kiko juu ya meza ya kuandikia na nimezoea. Je, kuna ulazima wowote?

Mwanzisha uzi

Pima kwanza, ndugu. Meza nyingi za kuandikia zina urefu wa sentimita 72 hadi 76, kwa sababu zilikusudiwa kubeba karatasi, na karatasi haina unene. Ukiweka juu yake kinanda chenye sentimita 8, vibonye vinafika 80 au zaidi, ambapo ni pale pale nilipoumia mimi. Ili viwiko vifike huko, kiti kitatakiwa kuwa karibu sentimita 57, na hapo utahitaji kitu cha kukanyagia, na mapaja yatakutana na ubao wa meza, hasa kama ina droo. Kuzoea ni kweli unazoea, lakini linganisha namna unavyoshika kibonye dakika ya 5 na dakika ya 50. Kama kifundo cha mkono kimeshuka chini ya usawa wa vibonye na vidole vinapanda kama vinavyokwea ukuta, basi meza imekushinda.

Mchangiaji wa 3

Nimekuwa nikifundisha piano kwa miaka kadhaa, na ninakubaliana na sehemu kubwa ya uzi huu isipokuwa pale unapoweka kiwiko kuwa kipimo kisichobadilika. Wapo wapigaji wanaofanya vizuri zaidi wakikaa juu kidogo, viwiko vikiwa sentimita 2 au 3 juu ya vibonye, kwa sababu wanapata uzito wa mkono mzima kwa urahisi. Wapo pia waliokaa chini mno. Glenn Gould wa Kanada alitumia kwa miaka mingi kiti cha kukunja ambacho baba yake alikikata miguu, kikiwa na urefu wa takriban sentimita 35 tu, viwiko vikiwa chini ya vibonye, na hakuna atakayesema kwamba hakujua kupiga. Nisingependa mwanafunzi asome hapa akadhani kwamba kila asiyefuata sentimita 70 amekosea.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, nimekupata, na masahihisho nayapokea. Sentimita 70 ni zangu mimi. Mwingine atapata 66 au 75. Na ni kweli kwamba kiwiko ni mahali pa kuanzia. Ninachokitetea ni kwamba mtu aanze hapo, apige kwa wiki moja, kisha apandishe kiti kwa sentimita moja moja akisikiliza mabega na vifundo vya mikono, badala ya kuanzia mahali popote. Kuhusu Gould, nadhani yeye ni mfano wa mtu aliyejua alichokitafuta, tena alikibeba kiti chake alikokwenda. Anayeanza, akikaa chini namna hiyo kwa sababu tu stendi yake haishuki, hajachagua kitu. Lakini naongeza kauli yako kwenye maelezo yangu: kwa mwenye vibonye vizito, kukaa juu kidogo kuna faida, na ikibidi kukosea, heri kukosea upande wa kiti kuwa juu kuliko chini.

Mchangiaji wa 4

Naomba ushauri kwa mtoto wa miaka 7. Nimeishusha stendi hadi chini ili vibonye vilingane na viwiko vyake, lakini mimi nami hukitumia kinanda hicho hicho usiku, na kila siku kupandisha na kushusha kumekuwa usumbufu.

Mwanzisha uzi

Iache stendi kwenye kipimo chako wewe, mzazi mwenzangu, na umpandishe mtoto. Benchi linalopanda, au kiti cha kawaida chenye ubao imara juu yake, kitamfikisha, kisha chini ya miguu weka sanduku gumu lisiloyumba, kwa kuwa mtoto ambaye miguu inaning'inia hujishikilia kwa tumbo na mgongo, na huchoka ndani ya dakika kumi. Kila baada ya miezi kadhaa utashusha kiti kidogo na kupunguza sanduku. Faida nyingine ni kwamba bolti za stendi hazitachoka: zile zinazofunguliwa na kufungwa kila siku ndizo zinazoliwa nyuzi mapema. Na ninyi wenye stendi mpya, zikazeni tena bolti zote baada ya wiki ya kwanza, maana mtikisiko wa kupiga hulegeza hata zile zilizofungwa vizuri. Kaza hadi zigome, usikaze hadi plastiki ilie.

Mchangiaji wa 2

Nimerudi na vipimo. Nimeazima stendi ya miguu minne, nikaiweka ili vibonye viwe sentimita 70, sawa na viwiko vyangu. Hata hivyo nikikaa kupiga, bado naona vibonye viko juu. Nimepima mara tatu na tepu haijabadilika.

Mwanzisha uzi

Kiti chako kina mto? Na kiwiko ulikipima ukiwa umekaa kwa muda gani?

Mchangiaji wa 2

Kina mto wa sponji, mnene. Nilikaa, nikapimwa, nikainuka.

Mwanzisha uzi

Basi umepata jibu. Sponji nene haishuki yote mara moja. Huendelea kuzama taratibu wakati unapiga, na baada ya dakika kumi unaweza kuwa umeshuka sentimita 3 bila kuhisi. Kaa kwanza, piga kitu chochote kwa robo saa, kisha pimwa bila kuinuka. Au ondoa sponji kabisa, kwa sababu kiti kigumu kidogo kinakusaidia pia kuhisi kama umekaa sawa kwenye mifupa yote miwili ya makalio.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, ilikuwa sentimita 3 kamili: kiwiko kilishuka hadi 67. Nimeondoa mto, nimeweka blanketi lililokunjwa mara nne, nimekaa robo saa, na sasa kiwiko ni 70 na vibonye ni 70. Mabega yametulia. Goti la kushoto bado linagusa kichwa cha bolti ya mguu wa mbele, lakini nimeangalia na nimeona inaweza kuingizwa kutokea upande wa pili, nati ikaangalia nje. Kesho naifungua.